Seva ya barua pepe Mbwemkuru: Linux "imara" maana yake nini?

Leo tuongee kuhusu swali ambalo watu wa kompyuta hubishania hadi usiku wa manane: ukitaka kuweka seva ya barua pepe, uchague Linux ipi? Sitakuletea ushabiki wa Simba na Yanga hapa. Nataka ukimaliza kusoma uweze kuchagua mwenyewe, na uweze kumweleza bosi wako kwa nini umechagua hivyo.

Nianze na kisa.

Oktoba 2024, jioni, simu yangu iliita. Alikuwa mhasibu wa chama kimoja cha ushirika huko kwetu Lindi, upande wa Ruangwa, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mto Mbwemkuru. Ni mtu mzima, rika la baba yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Barua zetu haziendi. Benki wanasema hawajaona kitu tangu juzi, na mnada ni wiki hii. Si wewe unasoma mambo ya kompyuta huko?"

Kwa msomaji asiyejua habari za korosho: wakulima wa Ruangwa na Nachingwea huuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake, mzigo unaingia ghalani, unauzwa mnadani, halafu malipo yanarudi kwa mkulima kupitia benki. Kati ya ghala na akaunti ya mkulima kuna makaratasi mengi, na siku hizi mengi ya makaratasi hayo ni viambatanisho vya barua pepe. Orodha ya majina na kilo ikichelewa kufika, kuna mama mahali fulani anasubiri hela ya sare za shule.

Nikaomba paswedi ya kuingilia, nikaunganisha laptopu na intaneti ya simu, nikaingia kwenye seva. Kitu cha kwanza nilichoandika ni amri hii, na wewe unaweza kuijaribu kwenye Linux yoyote:

cat /etc/os-release

Jibu likaja: CentOS Linux 8.

Nilishusha pumzi. Seva ile ilikuwa haijapata kiraka hata kimoja cha usalama kwa karibu miaka mitatu, na ofisini hakuna aliyejua. Aliyeiweka alikuwa kijana wa kujitolea, akapata kazi kwingine, akaondoka. Siku aliyoiweka alikuwa amechagua vizuri tu. Kilichotokea baadaye ndicho kitakachotufundisha maana ya neno "imara".

Kwanza, seva ya barua pepe inafanya nini?

Ukibonyeza "tuma", barua yako haiendi moja kwa moja hadi kwenye simu ya unayemwandikia. Inakwenda kwenye seva yako. Seva yako inatafuta seva ya yule mtu, inagonga hodi kwenye mlango namba 25, zinasalimiana kwa lugha iitwayo SMTP, kisha inakabidhi barua. Lugha hiyo ni ya mwaka 1982, na bado ndiyo inayobeba barua pepe za dunia nzima.

Uzuri wake mkubwa ni subira. Seva ya upande wa pili isipopatikana, yako haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena baadaye, na tena. Programu ya Postfix, ambayo ni moja ya programu maarufu za kazi hii, kwa kawaida inaendelea kujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa na kukurudishia barua.

Watu wa Mbwemkuru hawahitaji maelezo marefu hapa. Wakati wa kifuku, mto ukijaa, mwenye mzigo hautupi majini. Anakaa ng'ambo, anangoja maji yapungue, halafu anavuka. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, seva nyingi za barua pepe zilifanya hivyohivyo: zilikaa na foleni zao, mtandao uliporudi zikaendelea kutuma.

Lakini hiyo subira ina sharti. Seva yenyewe lazima iwe hai, iwe inasikiliza usiku na mchana, mwezi kwa mwezi. Na kwa kuwa inasikiliza, kila mtu duniani anaweza kuigongea, pamoja na wezi. Kompyuta ya mezani unaizima ukienda kulala. Seva ya barua haina ruhusa hiyo. Kwa hiyo inahitaji vitu viwili vinavyovutana: isibadilikebadilike ovyo, na wakati huohuo izibwe matundu kila yanapogunduliwa.

Huo mvutano ndio kiini cha mada yetu.

Distro ni nini, na nani anaziba matundu?

Linux yenyewe, kwa maana kamili, ni kiini tu cha mfumo: ile sehemu inayoongea na vifaa vya kompyuta. Juu yake kunahitajika mamia ya programu nyingine. Distro ni kundi la watu, au kampuni, linalokusanya kiini na programu hizo, kuzijaribu zikiwa pamoja, kuzifungasha katika vifurushi, na kukuletea vikiwa tayari. (Nasema vifurushi vya programu, si bando la intaneti, ingawa bando nalo tutalifikia.)

Unapochagua distro, basi, unachagua watu wa kuwategemea. Unakabidhi funguo za nyumba kwa mlinzi. Maswali unayomuuliza mlinzi ni yaleyale: utakuwepo hadi lini? Ukisikia kelele usiku utafanya nini?

Na hapa wengi wanakosea. Wanadhani "imara" maana yake ni "haiharibiki". Kwa watengeneza distro, neno hilo lina maana nyingine: tabia ya programu haitabadilika kwa muda wote tuliokuahidi, ila matundu ya usalama tutaendelea kuyaziba. Ni ahadi yenye tarehe.

Mfano utaonyesha vizuri zaidi. Kuna programu nyingine ya kupeleka barua iitwayo Exim. Juni 2019, watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza tundu baya katika Exim toleo la 4.87 hadi 4.91. Mtu aliweza kutuma barua kwa anwani iliyotungwa kwa ujanja, na seva, badala ya kuisoma kama anwani, ikatekeleza amri iliyofichwa ndani yake. Tena kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, yule anayeitwa root. Siku chache tu baadaye mashambulizi yalikuwa yameshaanza.

Wakati huo distro ya Debian 9 ilikuwa na Exim 4.89, yaani katikati kabisa ya matoleo mabovu. Debian walifanya nini? Hawakuwaletea watumiaji toleo jipya la 4.92, ingawa lilikuwepo na halikuwa na tundu lile. Walichukua kipande kile tu cha marekebisho, wakakishona kwenye 4.89 ileile. Namba haikubadilika, faili za mipangilio hazikubadilika, tabia haikubadilika. Tundu likazibwa.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu toleo jipya huja na mambo mapya, na mambo mapya huja na mshangao. Fundi aliyeko Dar es Salaam anaweza kukaa nao usiku kucha. Karani wa ushirika aliye peke yake, umeme unakatika na msimu umefika, hawezi.

Hii pia ina maana kwamba ukiona seva ya Debian ina programu yenye namba ya zamani, usikimbilie kusema imepitwa na wakati. Angalia kwanza kama distro yenyewe bado inapata viraka. Namba ya zamani yenye viraka ni salama kuliko namba mpya iliyoachwa yatima.

CentOS: ahadi ilipokatishwa

Sasa turudi kwenye seva ya yule mzee.

Kuna kampuni ya Marekani, Red Hat, inayouza Linux kwa mashirika makubwa. CentOS ilikuwa nakala ya bure ya Linux hiyo, na kwa miaka mingi ilipendwa sana kwenye seva kwa sababu toleo moja liliungwa mkono kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2014 Red Hat iliuchukua mradi wa CentOS chini ya mbawa zake. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na watu walitegemea kuwa nayo hadi 2029. Huyo kijana wa kujitolea alihesabu vizuri: weka leo, sahau miaka kumi.

Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo: CentOS Linux 8 ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Miaka minane ikafutwa kwa tangazo moja. CentOS 7, ambayo ni ya zamani zaidi, iliachwa iendelee hadi 30 Juni 2024.

Aliyekuwa akifuatilia habari alipata mwaka mmoja wa kuhama. Nakala mpya zikaanzishwa: AlmaLinux ilitoa toleo lake la kwanza imara Machi 2021, na Rocky Linux ikafuata Juni mwaka huohuo. Zote mbili zilitoa njia ya kubadilisha CentOS 8 ikiwa palepale ilipo, bila kuanza upya.

Aliyekuwa hafuatilii hakusikia chochote. Na hilo ndilo la kutisha. Seva iliyokosa viraka haizimiki. Haipigi kelele. Barua zinaendelea kwenda na kuja, na kila mtu anaamini mambo shwari. Ukijaribu kusasisha, unapata ujumbe wa kosa kwamba hazina ya vifurushi haipatikani, lakini nani alikuwa akijaribu?

Kalenda kabla ya sifa

Kwa hiyo ukiniuliza distro ipi ni imara, nitakuuliza wewe: imara hadi lini? Hebu tuzipitie zile zinazostahili kufikiriwa kwa seva ya barua.

Debian. Ilianzishwa Agosti 1993, haina kampuni inayoimiliki, inaendeshwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Hutoa toleo imara takriban kila miaka miwili, na matoleo hupewa majina ya wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story. Debian 12, Bookworm, ilitoka 10 Juni 2023. Debian 13, Trixie, ilitoka 9 Agosti 2025. Kila toleo lina miaka mitatu ya uangalizi kamili, kisha kundi jingine linaendeleza viraka hadi kufikia takriban miaka mitano, ingawa si kwa vifurushi vyote. Debian 12 inafikia Juni 2028, Debian 13 inafikia Juni 2030.

Ubuntu LTS. Imejengwa juu ya Debian na inaendeshwa na kampuni ya Canonical. Toleo la muda mrefu hutoka Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili: 22.04, 24.04 na kuendelea. Miaka mitano ya viraka ni ya kawaida. Hapa kuna jambo dogo watu hulipita: ahadi hiyo ya miaka mitano inahusu sehemu ya vifurushi iitwayo main. Postfix na Dovecot zimo humo. Lakini Rspamd, programu inayotumika sana kuchuja barua taka, iko sehemu ya universe, na viraka vyake vya uhakika vinahitaji kujiandikisha Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine tano.

AlmaLinux na Rocky Linux. Warithi wa CentOS. Toleo moja lina takriban miaka kumi. Namba 9, kwa mfano, inafikia 2032. Kama ofisi yako haina mtu wa kuhamisha toleo kila miaka michache, muda huo mrefu ni hoja nzito.

Vipi Fedora? Ni nzuri sana, lakini toleo moja linaishi takriban miezi 13. Arch je? Haina matoleo kabisa, inasasishwa kila siku. Ninaitumia Arch kwenye laptopu yangu na ninaipenda. Kwenye seva ya barua ya watu wengine, wenye pesa za wakulima ndani yake, siiweki. Haina ubaya. Tatizo ni kwamba inaahidi upya wa kila siku, na sisi hapa tunataka utulivu.

Uliona nilichofanya? Sijasema ipi ina kasi, wala ipi ina sura nzuri. Kwa seva ya barua ya ofisi ya watu kumi na moja, zote zina kasi ya kutosha. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 2 inatosha kabisa.

Kalenda ya distro na kalenda ya shamba

Sasa weka kalenda hizo kando ya kalenda ya Lindi. Katikati ya mwaka kuna ufuta. Baada yake mbaazi. Oktoba inafungua korosho, ambayo inakwenda hadi mwaka mpya. Ofisi ya ushirika inapumua kidogo kati ya Februari na Aprili, ambapo ndipo mvua zimekolea, barabara mbaya na Mbwemkuru umejaa.

Hilo ndilo dirisha lako la kuhamisha toleo, na halihitaji mtu kuvuka mto. Maana seva yenyewe, kusema kweli, haifai kukaa Ruangwa. Mitandao ya simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa pamoja, nayo hubadilikabadilika. Seva za dunia hazimwamini mgeni asiye na anwani ya kudumu. Kwa hiyo unakodi mashine kwenye kituo cha data, penye umeme wa uhakika na anwani ya kudumu, na wewe unaihudumia kwa mbali kutoka Nachingwea, hata kwa laptopu na bando.

Ukiihudumia kwa bando, utaelewa haraka kwa nini utulivu ni mali. Vifurushi vinashuka kwenye mashine ya kituo cha data, si kwako, kwa hiyo bando halimalizwi na megabaiti. Linalomalizwa ni muda wako. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, kazi inaweza kubaki nusu. (Tumia tmux au screen: kazi inaendelea kule hata ukikatika huku, ukirudi unaikuta.) Distro yenye viraka vidogo vinavyojisakinisha vyenyewe usiku, bila kubadilisha tabia, inakuacha uingie mara chache. Kwenye Debian na Ubuntu programu ya kufanya hivyo inaitwa unattended-upgrades. Kwenye AlmaLinux na Rocky ni dnf-automatic.

Na mshangao wa toleo jipya si hadithi. Debian 12 ina Dovecot 2.3, programu inayotunza masanduku ya barua na kuwaruhusu watu kuzisoma. Debian 13 imekuja na Dovecot 2.4, na namna ya kuandika mipangilio imebadilika kiasi kwamba faili la zamani halikubaliki. Dovecot inagoma kuwaka mpaka uliandike upya. Ukihamisha toleo Oktoba jioni bila kujua hilo, asubuhi hakuna anayefungua barua. Ukihamisha Februari, ukiwa umeshajaribu kwenye mashine ya pembeni, ni kazi ya siku moja na chai mbili.

Kwa hiyo Agosti 2025, Debian 13 ilipotoka na mzee akanipigia ("Mwanangu, nasikia kuna mpya, tuweke?"), nilimjibu: "Bado mzee. Tuna hadi 2028. Tumalize korosho kwanza."

Tulifanya nini usiku ule?

Nikwambie ukweli wote sasa, maana ningeishia pale juu ungedhani CentOS ndiyo iliyosimamisha barua. Hapana. Nilipoangalia foleni nilikuta maelfu ya barua zilizoandikwa kwa lugha nisiyoijua, zote zikitumwa kwa jina la karani mmoja. Paswedi yake ilikuwa jina la kampuni ya simu na mwaka. Mtu aliibahatisha, akaitumia seva kutawanya barua taka, na seva za nje zikaifungia anwani yetu. Barua za benki zikakataliwa pamoja na takataka.

Mlango ulioingiliwa, basi, ni paswedi. Distro bora duniani isingezuia hilo.

Ila hapa ndipo ukale ulipotugharimu. Kama seva ingekuwa na viraka, ningebadilisha paswedi, ningesafisha foleni, tungelala. Kwa mashine iliyokaa karibu miaka mitatu bila viraka, sikuweza kusema kwa uhakika kwamba aliyeingia aliishia kwenye akaunti ya karani. Huenda alifika mbali zaidi. Ningeweza kuigeuza kuwa AlmaLinux palepale, lakini ukihamisha nyumba iliyoingiliwa na mwizi, unaweza kumhamisha naye. Ilibidi tujenge upya: mashine mpya, Debian 12, Postfix na Dovecot, barua za zamani zikanakiliwa, paswedi zote zikabadilishwa. Benki tuliipelekea orodha kwa njia nyingine. Kazi ya dakika ishirini ikawa siku mbili na nusu, katika wiki ya mnada.

Kwa nini Debian na si AlmaLinux yenye miaka mingi zaidi? Kwa sababu moja tu: Nachingwea kuna kijana anayefundisha kompyuta ambaye ameizoea Ubuntu, na amri za Debian ni zilezile. Mimi nikikosa mtandao, yeye anaweza. Warsha za AfNOG, ambazo zimewafundisha wahandisi wa mitandao wa Afrika tangu 2000, na ambazo mwaka 2011 zilifanyika Dar es Salaam, kwa miaka mingi zilifundishia barua pepe kwa FreeBSD na Exim. FreeBSD hata si Linux! Waliofundishwa humo waliendesha seva nzuri, kwa sababu waliijua, na walijua nani wa kumuuliza. Kama jirani yako anaijua Rocky, weka Rocky.

Baada ya hapo kulikuwa na kazi ambayo hakuna distro inayokufanyia. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameweka masharti makali zaidi kwa wanaotuma barua kwao. Anwani yako ya IP iwe na rekodi ya PTR, yaani ukiuliza "namba hii ni ya nani?" lirudi jina la seva yako. Uwe na SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, au DKIM, sahihi ya kidijitali kwenye kila barua. Mimi nakushauri uweke zote mbili. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku anadaiwa zote, pamoja na DMARC, inayosema barua isiyo na uthibitisho ifanywe nini. Usipotimiza haya, Linux yako inaweza kuwa imara kama mbuyu na barua zako zikaishia kapu la taka.

Je, uweke seva yako kabisa?

Swali hili lilipaswa kuwa la kwanza, lakini watu wangeacha kusoma. Kama ofisi yako ni ya serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mfumo wake wa barua kwa taasisi za umma, tumia huo. Kama ninyi ni watu watatu na hakuna anayependa kazi hii, lipieni huduma iliyo tayari, si aibu. Weka seva yako pale ambapo mnataka barua zenu zikae mnapopajua, mna watu wengi kuliko bajeti ya kulipia kila sanduku, na kuna angalau watu wawili wanaoweza kuingia ndani yake. Nasisitiza wawili. Mmoja huwa anapata kazi kwingine.

Ukishaamua kuweka, fanya hivi kwa mpangilio huu. Angalia tarehe ya mwisho ya viraka kabla ya kitu kingine chochote. Chagua ile inayojulikana na mtu aliye karibu nawe. Washa viraka vya kujisakinisha siku ileile ya kwanza. Weka nakala rudufu ya barua kwenye mashine nyingine, na ujaribu kuirudisha, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama ipo. Panga kuhamisha toleo katika miezi ya utulivu, walau mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Na hiyo tarehe iandike mahali ambapo hata asiyejua kompyuta ataiona.

Sisi tuliiandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ambayo mzee huandika tarehe za minada. Kila mwaka anaponunua kalenda mpya anahamisha mstari ule kwa peni nyekundu: "Seva — mwisho Juni 2028. Mpigie kijana." Chini yake kuna namba mbili za simu.

Sasa nenda kwenye seva ya ofisini kwenu, andika cat /etc/os-release, uone imekujibu nini. Kisha tafuta tarehe yake.